Jembe si azabu



Katika shule yetu, na katika shule nyingi za teritware hii ya Lubero, kuna sheria moja isiyoandikwa popote, lakini kila mtoto anaijua tangu mwaka wa kwanza. Ukichelewa kwenye mstari wa asubuhi, unapewa jembe. Ukisema Kinande wakati wa saa ya Kifaransa, jembe. Ukikosa kufanya kazi ya nyumbani, ukicheka wakati wa maombi, ukikamatwa nje ya internati usiku, jembe tena. Unapimiwa kipande cha shamba kwa miguu ya msimamizi (na msimamizi mwenye miguu mirefu ni taabu ya pekee), unainama, na wenzako wanapita barabarani wakikucheka. Sisi wa darasa la tano tumezungumza jambo hili jioni nyingi. Leo tunataka kusema maoni yetu wazi: azabu hii iondolewe.

Mtatuambia ni maneno ya wavivu. Ngojeni kidogo. Hatusemi wanafunzi wasilime. Tunasema kinyume: walime wote, na yule wa kwanza wa darasa atangulie, na pointi ziandikwe katika bulete kama pointi za hesabu. Tunachokataa ni hiki, kwamba aliyekosa ndiye analima na asiyekosa anakaa kivulini. Mtoto akifundishwa hivi miaka sita, anatoka hapa na diploma mkononi na wazo moja kichwani: jembe ni la mtu mwenye kosa. Wazo hilo lingekuwa baya mahali popote. Hapa kwetu ni baya zaidi, na sababu yake inaonekana mtu akitazama udongo anaoukanyaga.

Tuko na teritware ya kilometre mraba karibu 18,000. Ina sheferi tatu, Baswagha, Bamate na Batangi, na sekta ya Bapere kule msituni. Mji wa Butembo unagusana nayo lakini unajitawala. Upande wa mashariki kuna ziwa Edward, metre 912 juu ya bahari. Kutoka pale milima inapanda kama ukuta, inapita metre 2,000, na mlima Tshiabirimu unapita 3,000. Mstari wa ikweta unakata barabara kati ya Butembo na Lubero-centre, kwa hiyo katika kitabu cha jeografia sisi ni watu wa joto kali. Lakini mgeni anayefika Alimbongo na shati ya mikono mifupi, jioni anaomba blanketi. Ndiyo maana ngano, viazi vya kizungu, poaro na shu vinapatana na nchi yetu, na wanaokula vitu hivyo Butembo, na mbele ya vita hata Goma, walikuwa wanangojea malori yetu.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hatukulijua mpaka mwalimu wa jeografia alipotuonyesha kwenye karta. Mvua inayoanguka upande wa mashariki wa milima yetu inashuka katika ziwa Edward, inafuata mto Semliki mpaka ziwa Albert, inaingia katika Nile na kufika Misri. Mvua ya upande wa magharibi inaingia msituni, inafika mto Kongo, inaishia bahari ya Atlantike. Ndiyo kusema, kama mtu angejenga nyumba juu kabisa ya mgongo ule, maji ya paa yake upande mmoja yangeenda Misri na upande mwingine yangeenda Banana. Tulicheka sana siku ile. Kisha mmoja wetu aliuliza: "Mwalimu, na ule udongo, unaenda wapi?" Hakuna aliyecheka tena.

Kwani maji hayaendi peke yake. Tazameni kijito chochote kisha mvua ya saa moja: ni chekundu au cheusi, kizito kama uji. Ule ni shamba la mtu. Udongo mweusi wa juu, wenye kulisha mmea, si mnene. Chini yake ni udongo mwekundu, mgumu, ambamo maharagi yanatoa majani ya njano. Tone la mvua likianguka kwenye udongo mtupu linaupasua. Maji yakiteremka bila kitu cha kuyasimamisha yanapata mbio, na maji yaliyozidisha mbio mara mbili hayabebi udongo mara mbili tu, yanabeba zaidi sana. Mtu akilima matuta yanayotelemka kutoka juu mpaka chini, amechimbia maji barabara. Lakini akilima matuta ya kukata mlima, na kupanda mistari ya setaria au majani ya tembo, na kuchimba mfereji mdogo juu ya kila mstari, maji yanapumzika, yanaingia ndani, udongo unabaki. Majani yale ni chakula cha mbuzi na sungura. Si elimu ya ajabu. Hata mtoto wa primaire angeweza kuifahamu kwa siku moja.

Tena shamba limekuwa dogo. Mzee aliyekuwa na kilima aliwagawia watoto wake, na wale wakawagawia wao. Zamani udongo ulipumzika miaka. Leo maharagi yanatoka na viazi vinaingia wiki ileile. Pahali pengine shamba la jamaa nzima mtu analivuka mbele ya kumaliza kuhesabu mia moja. Nani atawalaumu vijana wanaoondoka? Wanaenda magharibi, Manguredjipa na mbele yake, kutafuta zahabu au msitu wa kukata. Wengine wanapita Beni kuelekea Ituri. Wengine wanatazama chini, kwenye nchi nzuri ya tambarare kando ya ziwa, lakini ile ni ya Parke ya Virunga, na mwenye kulima ndani yake anashindana na walinzi. Na mwezi wa 6 mwaka 2024, M23 ilipokamata Kanyabayonga, maelfu ya watu walipanda kwetu na vitanda juu ya vichwa. Walilala katika vyumba vya shule na katika makanisa. Wengi hawakuuliza chakula kwanza. Waliuliza kama kuna kipande cha kulima.

Sasa tunafika kwenye swali lenyewe. Ikiwa mistari ya majani inasaidia, na ikiwa wazee wetu si wajinga, kwa nini milima mingi iko mitupu?

Waulizeni wazee. Sisi tuliwauliza wakati wa likizo, kila mmoja katika kijiji chake, na majibu yao yalifanana. Wanasema: "Ile ilikuwa kazi ya Leta." Neno hilo moja lina historia ndefu ndani yake. Mwaka 1917 serikali ya Kibelgiji iliweka amri ya kilimo cha lazima. Mwaka 1933 amri nyingine ikapima siku: mpaka siku 60 kila mwaka mtu alime kile alichoambiwa, na asiyelima alitozwa feza au alifungwa. Kisha vita ya pili ya dunia, watu wa agronomi waliona milima ya Kivu inateremka, wakaamuru mifereji na mistari ya majani. Amri ile ilikuwa na akili, tuseme kweli. Lakini iliwafikia watu kwa njia ileile ya amri nyingine zote, na polisi nyuma yake. Mtu alichimba mfereji huku anaogopa gereza. Hakuna aliyekaa naye chini kumwonyesha ndoo ya udongo uliopotea na ndoo ya udongo uliookoka.

Basi uhuru ulipofika, mwaka 1960, pahali pengi watu waliacha mifereji ile ikajaa, na wengine waling'oa mistari kwa furaha. Kwao kung'oa setaria ilikuwa kama kuvunja mlango wa gereza. Twaweza kuwaelewa. Kisha ikaja Zaire, na katika miaka ya 1970 ikaja salongo: tena jembe, tena kwa amri, tena kiongozi amesimama na orodha ya majina. Neno salongo limebaki mpaka leo kinywani mwa wasimamizi wetu. "Leo ninyi watano, salongo!" Yule anayesema hivyo pengine alizaliwa wakati Zaire imekwisha kufa. Hajui ameokota neno wapi, lakini analitumia sawasawa na walivyolitumia wale wa mbele yake.

Kwa hiyo shule yetu, inapompa mtoto mwenye kosa jembe, haifanyi jambo dogo la disiplini. Inaendelea na somo ambalo watu wa Lubero wamefundishwa kwa miaka zaidi ya mia moja, kwamba kulima vizuri ni kutii mtu mwingine, na kuacha kulima ni kuwa huru. Halafu katika saa ya biolojia shule hiyohiyo inatuambia tuhifazi udongo. Tutamsikia nani?

Shule zenyewe zina sehemu yao katika habari hii. Kwa muda mrefu serikali ya Wabelgiji ilisaidia kwa feza masomo ya Misioni Katolika, na yale ya Waprotestanti yalianza kupata msaada mwaka 1948 tu. Wazee wetu walitamani sana shule yenye diploma inayotambuliwa, na hawakukosa, kwa sababu bila karatasi ile mtoto wao angebaki boi au kapita. Lakini tamaa ile iliweka shule upande mmoja na shamba upande mwingine. Kusoma maana yake kutoka shambani. Mwaka 1974 serikali ikachukua shule zote, mwaka 1977 ikazirudisha kwa makanisa kwa mapatano, na mawazo yale hayakuguswa. Hata leo, mzazi akisema mtoto wake ameingia seksioni ya kilimo, jirani anajibu kwa sauti ya rambirambi: "Pole, alishindwa nini?"

Na hapa kuna neno linalotuuma zaidi. Kutoka miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu. Mwaka 2019 serikali ilisema primaire ni bure, lakini sisi wa sekondari tunalipa bado. Feza ile inatoka wapi? Kwa walio wengi kati yetu inatoka katika gunia la viazi au la maharagi lililoteremshwa sokoni Butembo au Kirumba. Na ni nani analima viazi vile? Kwa sehemu kubwa ni mama. Anaondoka asubuhi na jembe begani na mtoto mgongoni, anarudi jioni na kuni juu. Jembe lile limenunua kalamu, limenunua karatasi ya gazeti hili unalolishika. Kisha mvulana anapewa jembe kwa sababu alichelewa, na wenzake wanapiga kelele: "Ee, leo umekuwa mama!" Tumesikia neno hilo kwa masikio yetu. Wanaocheka wanafikiri wanamcheka mvulana.

Walimu wetu pia, tusiwafiche, wana mashamba. Bila shamba mshahara usingewafikisha mwisho wa mwezi. Wengi wao ni wakulima hodari, na tungependa kujifunza kwao. Lakini hatujawaona na jembe mbele yetu, tumewaona na fimbo ya kupimia tu.

Tunajua shule inaweza kuwa upande mwingine, kwa maana mfano uko katika teritware yetu, wala si Ulaya. Katika nchi ya Bamate na Batangi, mwaka 1998, wakubwa wa udongo wenyewe walitenga msitu wa Tayna ili wanyama na miti wasiishe. Serikali iliutambua mwaka 2006. Kule Kasugho ikasimamishwa shule ya juu ya kufundisha kazi hiyo ya kutunza viumbe, na kutoka 2010 kuna pahali pa kulea ngagi, ndio gorila, walionyang'anywa wawindaji wangali wadogo. Mwezi wa 10 mwaka 2024 ngagi wanne wa kike waliolelewa pale walifunguliwa msituni kwenye mlima Tshiabirimu, ambako jamaa ya ngagi ilikuwa imebaki ndogo sana na karibu kuzimika. Walioifanya kazi ile kila siku, kulisha, kuchunga, kufuata nyayo katika mianzi, wengi ni vijana wa milima hii. Kuchunga wanyama ni kazi ambayo zamani mtoto wa shule angeikimbia. Wao wanaifanya na wanaisimulia kwa furaha, sababu walifundishwa kwamba ni elimu, hakuna aliyeitupa kwao kama azabu. Hatuombi kila mtu awe mlinzi wa ngagi. Mkate hautoshi kule kwa wote. Tunasema tu kwamba kazi ileile ya mikono inabadilika uso kufuatana na mlango inamoingilia.

Tumepeleka mawazo haya kwa walimu wawili mbele ya kuandika, na wametupinga kwa nguvu. Wa kwanza alisema: "Mkiondoa jembe, mnataka turudishe fimbo?" Hapana. Aliyechelewa anyimwe mupira wa siku ya posho. Aliyekosa kazi ya nyumbani aikae saa ya kumi darasani mpaka aimalize. Aliyemtukana mwenzake amwombe msamaha mbele ya waliosikia. Hiyo ni ngumu kuliko metre ishirini za shamba, tumeona watu wakilia. Azabu nzuri inagusa kosa lenyewe. Kuna uhusiano gani kati ya kusema Kinande na kupalilia mihogo?

Wa pili alisema jambo la kweli zaidi: shamba lile linasaidia chakula cha internati, na bila wenye azabu halitalimwa. Tunamjibu kwa heshima kwamba hata sasa halilimwi vizuri. Mwenye azabu anakata majani juu juu, anafukia magugu, anasubiri kengele. Tumeona maharagi ya shamba la shule na maharagi ya mama mjane anayekaa chini ya kiwanja cha mupira, udongo ni mmoja, mvua ni moja. Yake yanafika magotini. Yetu yanatia haya.

Tena, hii ni shule ya Waprotestanti, ambapo tunasoma Mwanzo kila mwaka. Mtu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza katika sura ya pili. Zambi iko katika sura ya tatu. Ni ajabu kwamba sisi tumegeuza mambo, tukaweka kosa kwanza na shamba nyuma yake.

Basi tunaomba hivi. Shamba lililo nyuma ya refektware liko kwenye mteremko mkali, na kila mvua linatupa matope mpaka kwenye njia ya wasichana. Tupewe shamba lile, madarasa yote kwa zamu, bila jina la mwenye kosa hata mmoja. Tuligawe nusu kwa nusu. Nusu moja tulime kama kawaida, kutoka juu mpaka chini. Nusu nyingine tukate mlima, tuweke mistari mitatu ya setaria, ambayo tunaweza kuikata bure kando ya barabara. Chini ya kila nusu tuchimbe shimo lenye ukubwa sawa. Kisha kila mvua, wanafunzi wawili wachote matope ya kila shimo na kuhesabu ndoo, na waandike kwenye daftari moja: tarehe, mvua ilidumu saa ngapi, ndoo ngapi upande huu, ngapi upande ule. Mwalimu wa hesabu atapata mifano ya kutosha kwa mwaka mzima. Mwalimu wa biolojia atatuonyesha udongo wa juu na wa chini. Wakati wa mavuno tupime viazi vya pande mbili mbele ya wazazi, na mzazi anayetaka kubeba machipukizi ya setaria nyumbani ayabebe. Hakuna polisi, hakuna amri. Ayabebe akipenda.

Wenzetu wanaotoka Butembo wametuuliza watafanya nini na mambo haya, wao ambao baba zao wana magazini. Wahesabu ndoo. Viazi wanavyokula havioti nyuma ya magazini, na wavulana wale tumewaona wana mikono yenye nguvu.

Barua juu ya jambo hili imefika kwa Bwana Prefe, na tumeahidiwa kwamba itasomwa katika mkutano wa walimu. Tunaomba kuanza mwezi wa 9, mvua kubwa ikiingia. Ndoo tumekwisha kupata tatu. Zinakosekana mbili, na jembe moja halina mpini.